John Woolman, fundi nguo aliyekataa rangi na sukari

Desemba ikikaribia, mafundi cherehani wa Kahe, Himo na Moshi mjini hawapati usingizi. Kuna ubarikio, kuna kipaimara, kuna harusi, na ndugu wanarudi kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kuhesabiwa nyumbani. Kila sherehe ina sare yake, na kila sare ina bei yake. Wapo wanaouza gunia la mpunga kabla bei haijapanda, na wapo wanaokopa kwenye kikoba, ili mradi siku ya sherehe wasionekane tofauti na wenzao.

Ndugu msikilizaji, leo tunakuletea maisha ya mtu ambaye naye alikuwa fundi nguo, aliyeishi zaidi ya miaka 250 iliyopita upande wa pili wa bahari. Yeye alikubali kuonekana tofauti, japo hakupenda. Jina lake ni John Woolman. Hakuwahi kufika Afrika, lakini sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kuwatetea Waafrika waliopelekwa Marekani kuwa watumwa, na silaha alizotumia zilikuwa koti lake, kofia yake, kikombe chake na miguu yake.

Wakweka ni watu gani?

Woolman alikuwa Mkweka. Hili ni kundi la Wakristo lililoanza Uingereza katikati ya karne ya 17, likiongozwa na George Fox. Wenyewe hujiita Marafiki. Katika ibada zao za asili hakuna mchungaji wala kwaya. Watu hukaa kimya pamoja, na anayehisi Mungu amempa neno husimama na kusema. Walikataa vita, walikataa kuapa mahakamani, na walikataa kuwavulia kofia wakubwa, kwa kuwa waliamini watu wote ni sawa mbele za Mungu.

Kwa sababu hiyo hiyo walivaa nguo za kawaida, zisizo na nakshi, riboni wala vifungo vya mapambo. Lakini kufikia wakati wa Woolman wengi walikuwa wametajirika kwa biashara. Nguo zao bado hazikuwa na mapambo, ila zilishonwa kwa kitambaa cha bei kubwa kuliko vyote. Kuvaa kawaida kulikuwa kumegeuka kuwa sare ya watu wenye nafasi. Na wengi wa watu hao hao walikuwa na watumwa.

Mtoto wa mkulima

John Woolman alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1720, kwenye shamba la wazazi wake kando ya mto Rancocas huko New Jersey. Wakati huo New Jersey ilikuwa koloni la Uingereza. Nyumbani walizaliwa watoto 13.

Kuna tukio la utotoni ambalo hakulisahau hadi uzee. Siku moja, akiwa njiani kwenda kwa jirani, alimwona ndege akilinda makinda yake. Alimrushia mawe, na jiwe moja likampata, akafa. Mwanzo mtoto alifurahia shabaha yake. Muda si mrefu akashikwa na hofu, kwani makinda yale sasa hayakuwa na wa kuyalisha. Akapanda mti akayaua yote, akiona ni afadhali kuliko kuyaacha yafe kwa njaa. Ndipo alipojifunza kwamba ubaya mdogo unaofanywa bila kufikiri huzaa mwingine, na anayeumia mara nyingi ni yule usiyemwona.

Hati ya mauzo

Alipofika umri wa miaka 21 aliondoka shambani, akaenda mji mdogo wa Mount Holly kufanya kazi kwa mwenye duka mmoja. Kazi yake ilikuwa kuuza na kutunza vitabu vya hesabu. Mwajiri wake alikuwa na mtumwa, mwanamke Mwafrika. Siku moja bila taarifa akamwambia kijana aandike hati ya mauzo, kwa sababu mwanamke yule amekwisha kuuzwa na mnunuzi anasubiri.

Woolman alibabaika. Aliyemwagiza ni bosi wake, na mnunuzi alikuwa mzee Mkweka kama yeye. Akaandika. Lakini kabla ya kuondoka aliwaambia wote wawili kwamba, kwa imani yake, kumiliki watumwa hakupatani na Ukristo. Hata hivyo moyo haukutulia, kwa sababu hati ilikuwa imeandikwa kwa mkono wake. Mtu mwingine alipokuja baadaye na ombi la aina hiyo, alikataa.

Kukataa huko kulimgharimu, maana kuandika hati na wosia kulikuwa kunamwingizia pesa. Lakini kulizaa matunda. Jirani mmoja aliyeumia vibaya alimwita amwandikie wosia, na katika mali yake kulikuwa na kijana mtumwa. Woolman aliandika yote isipokuwa kipande kile. Akamrudishia karatasi bila kumtoza, akamweleza kwa upole kwa nini hawezi. Wakazungumza, na mwishowe jirani akakubali mtumwa yule aachwe huru. Ndipo wosia ukakamilishwa.

Duka lililokua kupita kiasi

Woolman alijifunza ushonaji ili awe na kazi yake mwenyewe. Cherehani zilikuwa hazijaja, kazi yote ilikuwa ya sindano na mkono. Mwaka 1749 alimwoa Sarah Ellis, na mwaka uliofuata wakapata binti, Mary. Pamoja na ushonaji alifungua duka. Alianza na vifungo na vitu vidogo vya mafundi, akaongeza vitambaa, kisha bidhaa nyingine. Biashara ikastawi.

Mfanyabiashara mwingine angefurahi, lakini yeye alianza kuingiwa na wasiwasi. Aliona wateja maskini wakichukua kwa mkopo vitu vya anasa ambavyo hawakuweza kuvilipia, kisha wakipelekwa mahakamani. Mara nyingi aliwashauri wachukue kitambaa cha bei nafuu. Aliona pia kwamba kadiri mali ilivyoongezeka, na hamu ya mali iliongezeka, na muda wa kusali na kuwatembelea watu ulipungua.

Mwaka 1756 aliamua kuliacha duka. Aliwaambia wateja wake kwa uwazi, ili watafute mahali pengine pa kununua. Akabaki na sindano yake bila hata mwanafunzi wa kumsaidia, na shamba la matufaa alilolipalilia mwenyewe. Kipato kilitosha familia, na hicho ndicho alichokitaka.

Kula cha bure kwa jasho la mtumwa

Kabla ya hapo, mwaka 1746, alikuwa amesafiri Maryland, Virginia na North Carolina kuwatembelea Wakweka wa kusini. Alikaribishwa vizuri, akala na kulala bure. Lakini waliopika, waliofua na waliotunza farasi wake walikuwa watumwa. Ukarimu ule ulimkaa kooni, kwa sababu mwenyeji aliutoa mfukoni mwa mtu mwingine.

Alipokwenda tena mwaka 1757, alibeba sarafu ndogo. Kila alipolala kwa mwenye watumwa, aliacha malipo kwa ajili ya wale waliomhudumia. Wakati mwingine aliwapa wenyewe, wakati mwingine alimkabidhi mwenye nyumba awafikishie. Fikiria, msikilizaji, aibu ya kumlipa mwenyeji wako kama vile umelala nyumba ya wageni. Woolman naye aliiona aibu hiyo, na aliwaeleza wenyeji wake kwa unyenyekevu, bila kuwatukana.

Mwaka 1754 alikuwa amechapisha kijitabu cha kupinga utumwa. Mwaka 1758, katika mkutano mkuu wa Wakweka huko Philadelphia, alisimama akasema suala la watumwa lisiahirishwe tena. Mkutano ukawachagua wajumbe wa kwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na Wakweka wenye watumwa, naye akawa mmoja wao.

Kofia isiyotiwa rangi

Karibu na mwaka 1761 aliugua sana, na alipopata nafuu aliamua kuacha nguo zilizotiwa rangi. Kama fundi alizijua vizuri. Kwa maelezo yake, rangi nyingine hudhoofisha kitambaa na huongeza gharama bila kuongeza joto. Zaidi ya hayo rangi huficha uchafu, na aliona ni afadhali kuufua kuliko kuuficha. Tukumbuke pia kwamba nili, ile rangi ya buluu iliyopendwa wakati huo, ililimwa na watumwa katika mashamba ya South Carolina.

Hakubadilisha zote kwa siku moja. Aliendelea kwa miezi kadhaa na alizokuwa nazo, kisha akapata kofia ya pama yenye rangi ya asili ya manyoya, iliyoelekea weupe. Hapo ndipo penye jambo ambalo wengi hatulitegemei kwa mtu wa Mungu. Woolman aliogopa kuchekwa. Hakupenda kabisa kuonekana mtu wa ajabu. Tena wakati huo kofia nyeupe zilikuwa fasheni kwa baadhi ya watu, kwa hiyo baadhi ya Wakweka wakadhani anafuata mitindo ya mjini na wakaanza kumkwepa. Aliumia, lakini hakujitetea sana. Wachache waliomuuliza aliwaeleza sababu.

Sukari, vyombo vya fedha na miguu

Baadaye akaacha sukari. Msikilizaji wa Kahe anayaona mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini, na anajua kukata muwa juani ni kazi ya aina gani. Sasa weka kazi hiyo bila mshahara, bila ruhusa ya kuondoka, na mjeledi nyuma yako. Hivyo ndivyo sukari, molasesi na pombe ya ramu zilivyopatikana katika visiwa vya Karibi. Woolman alikumbuka kwamba duka lake nalo liliwahi kuuza bidhaa hizo, na jambo hilo lilimsumbua.

Lilimsumbua na jingine. Miaka ya nyuma, akiwa msimamizi wa mirathi, yeye na mwenzake waliuza utumishi wa kijana Mwafrika hadi afikishe miaka 30, wakati vijana wazungu waliofungwa kwa mikataba waliachiwa wakiwa na miaka 21. Tofauti ni miaka 9, na nusu ya kosa ilikuwa yake. Hivyo akaandika ahadi ya kumlipa bwana wa kijana yule kwa miaka minne na nusu, ili kijana aachiwe mapema.

Mwaka 1770 alishikwa na homa ya mapafu, akawa mahututi. Katika hali ile aliona maono ya watu wanaoteswa migodini wakichimba utajiri kwa ajili ya wanaojiita Wakristo. Alipopona aliacha kutumia vyombo vya fedha. Alipoletewa kinywaji katika kikombe cha fedha kwenye nyumba ya tajiri, aliomba kingine cha kawaida.

Na tangu mwaka 1766 alikuwa ameanza kufanya baadhi ya safari zake kwa miguu. Mabwana walipanda farasi, watumwa walitembea. Akaona anayekwenda kuzungumza juu ya utumwa afike akiwa na vumbi miguuni kama watumwa wenyewe.

Safari ya mwisho

Mei 1772 alipanda meli kwenda Uingereza. Wenzake walitaka akae chumba cha abiria wa daraja la juu. Alipoona nakshi zilizochongwa nje ya vyumba vile, akachagua kulala chini pamoja na mabaharia, penye giza, unyevu na harufu mbaya. Huko alizungumza na vijana wa melini na kuyajua mateso yao.

Alifika London tarehe 8 Juni na kwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa wazee wa Wakweka. Wazee wale wakaona mtu ameingia amevaa nguo za rangi ya sufu ghafi na kofia nyeupe, mchovu wa wiki tano za bahari. Inasimuliwa kwamba walimpokea kwa baridi, na mmoja akadokeza kwamba ujumbe wake umefika na sasa anaweza kurudi kwao. Woolman alitokwa na machozi. Baada ya kimya akasema kwamba bila kibali chao hawezi kuhubiri, lakini hataki kuwa mzigo kwa mtu, basi wampe kazi ya kushona ili ajilipie chakula. Baadaye aliposimama na kunena, mioyo ikalainika, na wakampokea.

Kutoka London alikwenda kwa miguu hadi York, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, karibu sawa na kutoka Moshi hadi Tanga. Magari ya farasi yalikuwapo, lakini yalikimbizwa mno hata farasi walikufa njiani, na vijana waliobeba barua usiku wa baridi wengine waliganda. Kwa hiyo hakupanda magari hayo, na aliwaomba rafiki zake wasimtumie barua kwa njia hiyo bila sababu kubwa.

York alipatwa na ndui. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1772, siku chache kabla ya kutimiza miaka 52. Aliacha maagizo ya mazishi. Jeneza lisitengenezwe kwa mwaloni, kwa kuwa ni mti wenye kazi nyingine muhimu, bali kwa mbao za kawaida bila mapambo. Gharama za mazishi zilipwe kwa nguo zake. Nguo zile zilizochekwa ndizo zilizotolewa kulipia kaburi lake.

Kutoka York hadi Pemba

Mwaka 1776, miaka minne baada ya kifo chake, Wakweka wa Philadelphia walikataza muumini wao yeyote kumiliki mtumwa. Mwaka 1787 kamati ya kupinga biashara ya watumwa iliundwa London, na kati ya waanzilishi wake 12, tisa walikuwa Wakweka. Miaka michache baadaye maelfu ya familia za Uingereza ziliacha sukari ya watumwa, jambo ambalo Woolman alikuwa amelifanya karibu peke yake.

Habari hii ilifika hadi kwetu. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar na Pemba mwaka 1897, Wakweka wa Uingereza walikuja Pemba mwaka huo huo. Wakiongozwa na Theodore Burtt, walianzisha kituo mahali paitwapo Banani, ambako watu walioachwa huru walifanya kazi kwenye shamba la karafuu kwa ujira. Mwaka 1902 Wakweka wa Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Wakweka wengi kuliko zote duniani.

Lakini hapa tusimame kidogo. Katika pwani yetu karne ya 19, aliyevaa nguo isiyotiwa rangi hakuwa ameichagua. Merikani, ile pamba nyeupe ghafi iliyobebwa na misafara kutoka Pangani kuja Kilimanjaro, na kaniki nyeusi, ndizo zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Merikani yenyewe ilifumwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa huko. Ndiyo maana uhuru ulipofika, wanawake wa Unguja walikimbilia kanga za rangi, na wanaume wakavaa kanzu na kofia. Kwao rangi ilikuwa tangazo kwamba sasa wao ni watu huru. Nani angewalaumu?

Woolman asingewalaumu, kwa kuwa hakumlazimisha mtu avae kama yeye, na hakuwahi kusema maskini wazidi kubanwa. Kwake nguo ya bei ndogo haikuwa lazima nguo njema. Aliuliza mambo mawili kwa kila kitu. Kwanza, nani ameumia ili hiki kinifikie? Pili, nikikitaka sana, kitanilazimisha nifanye nini?

Maswali hayo tunaweza kuyapeleka hata Soko la Memorial pale Moshi, kwenye marundo ya mitumba, au kwa fundi wako wa Kahe unapompelekea kitambaa cha sare. Je, fundi analipwa bei inayomtosha, au tunambana ili tubaki na pesa ya mapambo? Je, mwenzetu aliyeshindwa kununua kitenge cha kamati atajisikia huru kuja kwenye sherehe, au atabaki nyumbani akidai anaumwa? Kabla ya kuchagua kitambaa mwaka huu, kamati inaweza kuanza kwa kumfikiria huyo.